Teke Linapodakwa: Hotuba Kuhusu Valentina Shevchenko na Njia ya Kutoka Mateke Hadi MMA

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa klabu, wazazi na wachezaji wa kike wa ngumi na mateke. Tumeiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Video zilizooneshwa ukutani hazimo. Maelezo yake yamebaki.

Shikamooni wazee wetu. Walimu wa klabu, poleni na kazi. Na ninyi mabinti mliokaa huku mbele na mabegi ya mazoezi miguuni, hamjambo?

Nilipewa mada pana: mwanamke katika ngumi, mateke na MMA, yaani mapigano mseto, ya kusimama na ya kubanana chini. Nimeipunguza. Nitamzungumzia mtu mmoja tu, kwa sababu ukimfuata mpiganaji mmoja pambano baada ya pambano, unaondoka na vitu vya kufanyia kazi. Ukitajiwa majina ishirini unaondoka na majina.

Huyo mmoja ni Valentina Shevchenko. Alizaliwa tarehe 7 Machi 1988 katika mji uliokuwa ukiitwa Frunze, leo Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistani. Mama yake, Elena, alikuwa bingwa wa Muay Thai, mchezo wa Kithai wa ngumi, mateke, magoti na viwiko, na baadaye akaliongoza shirikisho la mchezo huo nchini kwao. Dada yake, Antonina, naye ni mpiganaji. Valentina alianza taikwondo akiwa na miaka 5, akaingia Muay Thai akiwa na miaka 12, na kocha wake tangu utotoni hadi leo ni yule yule, Pavel Fedotov. Fedotov ndiye aliyempachika jina la "Risasi", baada ya binti huyo wa miaka 12 kumwangusha kwa nokauti mpinzani wa miaka 22. Baadaye wakahamia Peru, akapata uraia wa huko, na mpaka leo anahojiwa kwa Kihispania bila mkalimani.

Nasikia minong'ono huko nyuma. Najua mnachosema. Mama bingwa, dada mpiganaji, kocha nyumbani, sisi na yeye wapi na wapi? Haya, subirini kidogo. Huyu bingwa wa dunia wa Muay Thai mara nyingi, alipoingia MMA alikuta nini? Alikuta mchezo ambao nusu ya silaha zake zingeweza kumlaza chini. Teke lile lile lililompa medali, likidakwa, linamweka mgongoni. Kukumbatiana kule kule alikokuwa akipiga magoti, kukikosewa, kunampa mpinzani mgongo wake. Hakuyaacha mateke. Aliyapangia bei upya, moja moja. Na mara chache alizotetereka katika miaka ya karibuni, alitetereka pale aliposahau bei.

Tuanze na teke lenyewe.

Kwenye ulingo wa ngumi na mateke, mguu ukidakwa, refa anaingia. Kwenye Muay Thai mpinzani anaweza kukufagia ukaanguka, lakini ukianguka refa anawatenganisha, unasimama, unaendelea. Kwenye MMA nani anakuja kukusimamisha? Hakuna. Raundi ni dakika 5. Ukiangushwa sekunde ya 40, unaweza kukaa chini dakika nne na zaidi ukipigwa viwiko, na raundi imekwenda.

Kwa nini teke la mbavuni linadakwa? Kwa kawaida mpigaji amelitoa peke yake, mikono haijatangulia, kwa hiyo mpinzani ameliona tangu kisigino kinapoinuka. Au amelipiga akiwa amesimama mstari mmoja na mpinzani, basi hata likifika, kifua chake kipo pale pale mbele ya mikono ya mwenzake. Au, na hili ndilo kosa la klabu zetu, amelipiga begi miaka yote, na begi halidaki. Akigusa anauacha mguu ukae, anafurahia mlio. Mabinti, mlio wa begi hauna pointi! Teke lirudi chini kwa njia ile ile lililopandia, na liguse sakafu kabla mwenzako hajafunga mkono wake.

Mwangalieni Valentina. Anasimama kwa kushoto, maana yake mguu wa kulia na mkono wa kulia viko mbele, na silaha nzito ya mguu na ya ngumi iko nyuma, kushoto. Hakimbilii mtu. Anakaa nusu hatua nje ya jebu la mpinzani, yaani ngumi yake ya mkono wa mbele, anasubiri aje, halafu anampiga akiwa njiani. Holly Holm, mwanamke aliyemwangusha bingwa Ronda Rousey kwa teke la kichwa mjini Melbourne mwaka 2015, alikutana na hilo tarehe 23 Julai 2016 mjini Chicago. Holm ana tabia ya kuingia kwa kishindo na ngumi nyingi mfululizo. Kila alipoingia, alikuta konde la kulia la pembeni linamsubiri. Kila raundi jaji humpa mshindi pointi 10 na mwenzake 9, au 8 akizidiwa sana. Raundi tano, majaji watatu, kila mmoja 49-46. Valentina hakutafuta nokauti usiku ule. Alikuwa anakusanya.

Sasa tumtazame Jessica Eye, Juni 2019, Chicago tena. Raundi ya kwanza Valentina anampiga teke la kushoto la mbavuni. Linagonga. Analipiga tena. Linagonga. Anamchanganya na kumwangusha chini. Mnaona kinachotokea kwenye kiwiko cha Eye? Kinashuka. Mwili umeshajifunza maumivu yanakotoka, na mkono unakwenda kulinda ubavu bila kuulizwa. Raundi ya pili, sekunde ya 26, nyonga ni ile ile, bega ni lile lile, mguu unaanza safari ile ile, ila unapita juu ya kiwiko na kufika kichwani. Eye akaanguka na hakuweza kuendelea.

Watu wanaonesha teke la mwisho. Kazi ilifanywa na yale ya kwanza. Ukitaka teke la kichwa, lipia kwanza mbavuni, tena lipia kweli, si kwa kugusagusa.

Walimu, zoezi la hili ni rahisi na halihitaji vifaa. Wachezaji wawili, raundi tatu za dakika 3. Mmoja anatoa jebu, konde la nyuma, teke la mbavuni, na baada ya teke mguu unatua pembeni, nje ya mstari, si pale ulipoondokea. Mwenzake ana ruhusa ya kudaka matatu katika kila kumi, bila kumwambia ni yapi. Hapo ndipo mazoezi yanapoanza. Mguu ukidakwa usivute! Ukivuta unaruka kwa mguu mmoja, na anayeruka kwa mguu mmoja kinachobaki ni kusukumwa tu. Weka mkono mmoja shingoni mwake na mwingine usoni umzuie asisogee, geuza goti lako litazame chini, halafu usukume mguu wako uliodakwa kuelekea sakafuni katikati yenu, ukiuweka uzito wote juu ya mikono yake. Akiendelea kushikilia, kanyaga nyonga yake kwa wayo na ujisukume. Mara ya kwanza mtaanguka sana. Tandikeni magodoro.

Hapo tumemzuia asituangushe. Je, sisi hatuwezi kumwangusha yeye?

Hapa ndipo Valentina alipowashangaza hata wanaojua mchezo. Januari 2017, Denver, alipigana na Julianna Peña, mtu wa kukaba na kubana. Kila mtu alisema: akisimama anashinda Valentina, wakishuka chini anashinda Peña. Wakashuka chini, Valentina akiwa chini chali na Peña juu yake. Mwisho wa raundi ya pili Valentina akaunasa mkono wa Peña kati ya mapaja, akaunyoosha, akaupinda kiwiko. Peña akagonga kwa mkono, ishara ya kukubali kushindwa. Mpiga mateke kamaliza pambano akiwa amelala chali!

Joanna Jędrzejczyk wa Poland, aliyekuwa bingwa wa kilo 52.2, anamjua Valentina tangu enzi za Muay Thai ya ridhaa, ambako alishapoteza kwake mara tatu. Walipokutana Toronto tarehe 8 Desemba 2018 kugombea mkanda wa kilo 56.7, watu walinunua tiketi kuona mateke. Wakaona nini? Wakaona Valentina anamkumbatia Joanna kiunoni na kumlaza. Akainuka, akalazwa tena. Majaji wote 49-46. Na Jessica Andrade, yule Mbrazili anayebeba watu mzima mzima na kuwabwaga, Aprili 2021 mjini Jacksonville: wengi walisema Valentina ataangushwa. Yeye ndiye aliyemwangusha Andrade tena na tena, na raundi ya pili akambana mkono mmoja kwa miguu, mwingine chini ya mwili, akampiga viwiko usoni mpaka refa akaingia.

Aliyatoa wapi hayo? Kwenye Muay Thai. Anayejua kukumbatiana kwa Muay Thai tayari anajua kuhisi uzito wa mwenzake umeegemea mguu gani. Kilichobaki ni kushusha mikono. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mikono ipite chini ya kwapa zake na ifungwe mgongoni chini kabisa, usawa wa mkanda wa suruali, kiganja juu ya kiganja, bila kuingiza vidole kati ya vidole, kwa sababu vidole vilivyoingiliana huvunjika. Sikio lako ligande kifuani kwake. Nyonga zako ziwe chini kuliko zake. Halafu kisigino chako kinakwenda nyuma ya kisigino chake, na unatembea mbele. Neno ni kutembea, si kumnyanyua. Mikono ikifungwa juu mbavuni, atarudisha nyonga nyuma na hutamsogeza. Ukipishanisha miguu yako, utaanguka wewe.

Na kuna njia nyingine ya kuangusha, ambayo wapiga mateke wanaipenda mno: kumkaba shingo na mkono kwa juu, kugeuza nyonga, na kumrusha. Inapendeza kweli. Watu wanapiga makofi. Lakini ili umrushe hivyo, unampa mgongo kwa kitambo. Akirushika, sawa. Asiporushika?

Likumbukeni swali hilo. Tutarudi kwake, na litatugharimu mkanda.

Kabla ya hapo nataka niseme juu ya kilo, na hapa nawaomba wazazi wasikilize zaidi ya wachezaji.

Valentina alianza MMA mwaka 2003 huko kwao, akiwa na miaka 15. Aliingia UFC, ile kampuni kubwa ya Marekani ya mapambano ya MMA, tarehe 19 Desemba 2015. Mbona miaka yote hiyo? Kwa sababu UFC haikuwa na pambano la wanawake hata moja mpaka tarehe 23 Februari 2013, Ronda Rousey dhidi ya Liz Carmouche. Na ilipofungua mlango, ilifungua uzito wa kilo 61.2, baadaye kilo 52.2. Katikati, kilo 56.7 ambayo ndiyo ya mwili wake, hapakuwa na kitu. Akaingia kwenye kilo 61.2 na kupigana na watu waliomzidi umbo. Mara mbili akakutana na Amanda Nunes: Machi 2016 raundi tatu, akapoteza, Septemba 2017 mjini Edmonton, raundi tano za ubingwa, majaji wakagawanyika, wawili kwa Nunes, mmoja kwa Valentina, kila karatasi 48-47. Nunes ni nani? Ndiye aliyekuja kupanda hadi kilo 65.8 na kumpiga bingwa wa huko, Cris Cyborg, chini ya dakika moja. Dakika 25 na mtu wa namna hiyo, na jaji mmoja anasema umeshinda. Kwangu mimi zile raundi tano za Edmonton zinamweleza Valentina kuliko mikanda yake. Kuna watakaobisha, na wabishe.

Mwishoni mwa 2017 uzito wa kilo 56.7 ukafunguliwa. Bingwa wa kwanza alikuwa Nicco Montaño, Mmarekani. Pambano lake na Valentina likapangwa Septemba 2018 mjini Dallas. Halikufanyika. Siku ya kupima uzito, Montaño alikuwa hospitali, mwili umemgomea wakati wa kupunguza kilo. Akavuliwa mkanda bila ngumi hata moja kurushwa.

Narudia: bingwa alipoteza mkanda wake kwa mizani. Na ule ni mchezo wenye madaktari na wataalamu wa lishe. Sisi tuna nini? Tuna mwalimu anayemvalisha binti mfuko wa plastiki chini ya sweta na kumkimbiza ufukweni saa nane mchana. Jasho linatoka, kilo zinashuka, kila mtu anafurahi, na maji yale yanatoka kwenye damu, si kwenye mafuta. Moyo unasukuma damu nzito. Ubongo, ambao kesho yake utapigwa, unakuwa umepoteza sehemu ya maji yanayoulinda.

Basi tufanye hivi. Uzito wa mafuta upungue polepole, wiki 6 hadi 8 kabla, nusu kilo kwa wiki, kwa kupunguza ugali na soda, si kwa kuacha kula. Kama uzito unapimwa siku ile ile ya pambano, kama ilivyo kwenye mapambano yetu mengi, usikaushe maji kabisa, chagua uzito wa juu upigane ukiwa mzima. Kama unapimwa siku moja kabla, na mchezaji ametoa maji kidogo, ayarudishe: kama lita moja na nusu kwa kila kilo aliyopoteza, kwa mafunda madogo madogo ndani ya saa kadhaa, yakiwa na chumvi na sukari zile za paketi za dukani za kurudisha maji mwilini. Akinywa maji matupu mengi kwa mpigo atatapika au atayakojoa. Na dalili za kusimamisha kila kitu ni hizi: jasho limekatika ilhali bado ana joto, kichwa kinazunguka, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Hapo hakuna pambano.

Na jambo moja ambalo walimu wanaume huona haya kuliuliza. Mwili wa mwanamke huweza kushika maji ya ziada, kilo moja, wakati mwingine zaidi, siku za kabla ya hedhi. Binti anapanda mizani, amezidi, mwalimu anafoka kwamba amekula ovyo. Hakula! Aandike tarehe zake na uzito wake kila asubuhi kwenye daftari, miezi mitatu, na mtaona mstari wenyewe. Pambano likiangukia siku hizo, chagueni uzito mkijua. Mwalimu anayeona haya kuuliza, amteue dada mmoja wa klabu aulize.

Haya. Turudi kwenye lile swali: asiporushika?

Juni 2022, Singapore, Valentina anatetea mkanda kwa mara ya 7. Mpinzani ni Taila Santos wa Brazili. Raundi za mwanzo Valentina anakwenda na ile ya kukaba shingo na kurusha. Santos harushiki. Anateleza, anazunguka, na ghafla yuko mgongoni kwa bingwa, miguu imefunga kiunoni, mkono unatafuta shingo. Siyo mara moja tu. Valentina akajinasua, vichwa vikagongana kwa bahati mbaya na jicho la Santos likavimba mpaka likafumba, na mwisho majaji wawili wakampa Valentina, mmoja akampa Santos. Akaondoka na mkanda. Lakini watu wengine walikuwa wakiangalia. Na wapinzani, ndugu zangu, hawaangalii ulichoshinda nacho, wanaangalia ulipotetereka.

Tarehe 4 Machi 2023, Las Vegas. Alexa Grasso wa Meksiko. Raundi tatu zimekwisha, Valentina anaongoza kwenye karatasi za majaji. Raundi ya nne inakaribia mwisho. Valentina anazunguka kwa teke la kisigino la kugeuza mgongo. Teke hilo amelipiga maelfu ya mara, amelipiga tangu utotoni, ni zuri, linatisha. Limepita hewani. Na kwa ile nusu sekunde, mgongo wake uko mbele ya Grasso. Grasso hakurudi nyuma kama watu wanavyorudi wanapoona mtu anazunguka. Aliingia. Akadaka kiuno, akapanda mgongoni, wakashuka chini, mkono ukapita usoni na kubana taya na shingo pamoja. Dakika ya 4 na sekunde 34, Valentina akagonga. Miaka minne na zaidi ya ubingwa ikaishia hapo.

Ilikuwa bahati? Hapana. Ilikuwa mazoezi. Kwenye ulingo wa mateke teke la kugeuka likikosa, unapoteza nini? Karibu hakuna. Unarudi mkao wako. Kwenye kizimba cha waya cha MMA, teke lile lile likikosa, mtu yuko mgongoni kwako, na mgongoni ndipo mahali pabaya kuliko pote. Simkatazi mtu kulipiga. Lipige mpinzani akiwa anarudi nyuma na mikono yake iko juu, au akiwa amebanwa kwenye waya. Usilipige anapokuja mbele. Usilipige mara ya tatu kwa mpangilio ule ule. Na ukilipiga likakosa, endelea kuzunguka mzunguko mzima utoke upande wa pili ukitembea. Ukisimama katikati ndipo unapodakwa.

Wakarudiana Septemba mwaka ule ule, Las Vegas tena. Valentina akavunjika kidole gumba cha mkono wa kulia, akaendelea nacho. Nalitaja kwa ajili ya wenye glavu za aunsi 4. Glavu za ngumi za aunsi 10 hufunika gumba na kulishikilia. Za MMA zinaliacha wazi. Ukirusha konde la pembeni huku ngumi imelegea au gumba limesimama, likigonga paji la uso au kiwiko, gumba ndilo linalopokea. Bendeji ipite kuzunguka gumba mara mbili na kurudi kifundoni, na ngumi ikazwe inchi chache kabla ya kugonga.

Pambano lile likaenda sare. Jaji mmoja 48-47 kwa Valentina, mmoja 48-47 kwa Grasso, wa tatu 47-47, kwa sababu huyo wa tatu alimpa Grasso raundi ya mwisho kwa 10-8. Mtaani watu walimlaumu yule jaji, na mimi naona 10-8 ilikuwa kubwa mno. Lakini kabla ya kumlaumu jaji, tuulizane nini kilitokea kwenye raundi ile. Valentina alikwenda tena na ile ya kumkaba na kumrusha. Grasso hakurushika. Akaishia mgongoni, akapiga ngumi mpaka kengele.

Singapore, Las Vegas, Las Vegas tena. Mara tatu, mgongo ule ule.

Sasa tazameni pambano la tatu, tarehe 14 Septemba 2024, na hili ndilo nawaomba walimu mlioneshe klabuni, lote, hata kama vijana watalalamika kwamba halina msisimko. Valentina ana miaka 36. Hajaongeza teke jipya. Amepunguza. Yale ya kujigeuza ameyabana. Anamsubiri Grasso aingie na ngumi, anashuka chini ya ngumi hizo, mikono inafunga chini kabisa, usawa wa mkanda, sikio kifuani, anatembea mbele. Grasso chini. Raundi inayofuata, Grasso chini tena. Majaji wote watatu 50-45. Mkanda ukarudi. Mei 2025 mjini Montreal akamshinda Manon Fiorot wa Ufaransa, pambano la karibu sana, 48-47 kwa wote watatu. Novemba mwaka huo, Madison Square Garden mjini New York, Zhang Weili wa Uchina aliyeuachia mkanda wake wa kilo 52.2 ili ampandie, akapoteza 50-45 kwenye kila karatasi. Valentina alikuwa na miaka 37.

Nimelisahau jambo moja, na mwalimu mmoja hapa mbele ananikumbusha kwa ishara: 2010. Ni kweli. Septemba 2010 huko Oklahoma, Valentina alisimamishwa na daktari kwa sababu ya jeraha la kupasuka, baada ya mpinzani aliyelala chini kumrushia teke la juu likamfika usoni. Mpinzani huyo alikuwa Liz Carmouche, huyo huyo wa lile pambano la kwanza la wanawake UFC. Walirudiana Montevideo Agosti 2019, Valentina akashinda raundi zote tano kwa majaji wote. Watu wakalalamika kwamba limepooza. Lilipooza kwa sababu Valentina hakusimama tena pale katikati. Ukiwa umesimama juu ya mtu aliyelala chali, kuna mahali pawili tu: nje ya urefu wa miguu yake, au kifua juu ya kifua chake. Katikati ni mahali pa kisigino.

Nimalizie na utaratibu wa leo, maana muda umekwenda na jua linapanda. Hatuna kizimba, lakini ukuta ule wa kaskazini ni laini na tumeupigilia magodoro, utatosha kuwa waya. Kundi la kwanza, wenye chini ya kilo 57, mtaanza na teke la kudakwa, matatu kwa kumi, raundi tatu. Kundi la pili mtafunga mikono kiunoni na kutembea, bila kurusha mtu shingoni. Atakayerusha shingoni atakaa nje raundi moja. Kinga za meno mdomoni hata kwenye zoezi la polepole. Hereni, bangili na mikufu wapeni mama zenu. Wenye maswali juu ya uzito, wapite kwa dada mwenye daftari pale mlangoni, mmoja mmoja.